Gundi Chini ya Skrubu

Kibanda changu cha kushonea na kibanda cha Maman Kavugho vimetenganishwa na plaiwudi moja nyembamba, katika jengo la maduka kule Mengo, chini kabisa, upande wa choo. Akikohoa nasikia, nikimsema anasikia. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota barabarani. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe baadaye akiwa amekaa kwenye kiti changu cha wateja, na sikumhurumia hata kidogo, ingawa nampenda.

Kavugho ni fundi wa laptopu. Sote wawili ni watu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, tulioikimbia vita ya kwetu tukajikuta Kampala, lakini yeye alitangulia, na alikuja na kazi yake mkononi. Baba yake alikuwa fundi wa redio, na binti alikua akimshikia taa. Sasa ana umri wa kuitwa bibi. Mgongo unamsumbua, miwani yake imefungwa kwa uzi niliompa mimi, na bado wateja wanawapita mafundi vijana wenye fulana za kubana wanakuja kwake. Akipokea mashine huitukana kwanza. "Nani alikutesa hivi, we mchafu?" huiuliza, kisha huifungua taratibu kama anamvua mtoto viatu. Kiburi anacho. Ukimsifu kazi yake hasemi asante, anakuuliza kwani ulitegemea nini.

Alikuwa na siri moja, na nitaitoa sasa hivi ili msije mkanilaumu kwamba niliwazungusha. Mafundi wote wa jengo letu wakimaliza kufunga mashine huweka tone la rangi ya kucha, nyekundu mara nyingi, juu ya kichwa cha skrubu moja. Ni muhuri. Mteja akirudi na malalamiko, fundi anatazama: rangi ikiwa imepasuka, basi mtu mwingine ameingia humo. Hakuna anayeona vibaya, na rangi yenyewe hutoka ukiikwangua kwa ukucha. Kavugho naye alikuwa akifanya hivyo. Kisha siku moja akaja mteja mwenye suti, akapiga kelele mbele ya jengo zima kwamba Mkongo huyu amemwibia memori ya kompyuta na kumwekea ndogo. Hakumwibia. Aliyeiba alikuwa fundi mwingine ambaye yule mteja alimpitia baadaye, na ambaye alipaka rangi yake nyekundu palepale. Nani atajua rangi ya nani? Watu walimzomea Kavugho mpaka akafunga kibanda, na lile neno mwizi likamkaa moyoni.

Tangu hapo akaacha rangi. Akawa anaweka tone la supagluu ndani ya tundu, chini ya skrubu moja tu, halafu anaikaza na kupangusa. Kwa juu huoni kitu. Mwenyewe akitaka kuifungua huipasha moto kidogo kwa ncha ya chuma cha kulehemu, gundi inalegea, skrubu inatoka. Fundi mwingine yeyote atahangaika nayo mpaka kichwa kilike, atashindwa, na mteja atarudi Mengo. Alianza kwa kuogopa kuzomewa tena, hilo sikatai. Lakini aliona pia kwamba wateja wanarudi, akaendelea, na hapo sina maneno mazuri ya kumpamba.

Sasa kuna Bénit. Huyu alifika kutoka kwetu, kupitia kambi ya wakimbizi, na mkewe Blandine, mimba ya Blandine ikiwa kubwa, na hawakuwa wakimjua mtu yeyote mjini. Kavugho akawapa sebule yake. Mtoto wao alizaliwa humohumo sebuleni, mimi nikishika beseni. Kwetu sisi tuliotoka mbali, mtu aliyekupokea siku ya kwanza ni mzazi wako. Humjibu kwa ukali, humpingi mbele ya watu, na akikosea unaangalia pembeni. Bénit alimwita Maman, na alimaanisha. Kavugho akamfundisha kazi: kushika bisibisi, kupima umeme, kusafisha feni, hata namna ya kumtuliza mteja aliyekasirika. Alimfundisha vyote isipokuwa ile gundi.

Bénit alipoiva akahamia Kawempe na familia yake, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kupanga kibanda, akawa anazunguka na begi la vifaa mgongoni. Mahali pake palikuwa Naguru, kwenye nyumba za polisi. Polisi hawana muda wa kushuka mjini, na wakimwamini fundi mmoja wanaambiana mlango kwa mlango. Familia ya Bénit ilikula kutoka Naguru, na mtoto alikuwa karibu kuanza shule kwa sababu ya Naguru.

Huko anakaa Sajini Acayo, mama wa Kiacholi mwenye sauti ya kuongoza gwaride. Laptopu yake haikuwahi kufunguliwa na mtu mwingine ila Kavugho. Alikuwa akisomea diploma jioni baada ya zamu, na kazi zake zote zilikuwa humo. Betri ikaanza kuvimba mpaka kibodi ikainuka. Juma hilo Kavugho alikuwa amelala kwa sababu ya mgongo, kwa hiyo Sajini alipomwona Bénit anapita na begi lake, akamwita.

Bénit alitoa skrubu zote bila shida, ikabaki moja ya pembeni. Alijaribu bisibisi hii, akajaribu ile. Aliweka kipande cha mpira kati ya bisibisi na skrubu ili ishike, kama alivyofundishwa. Ikakataa. Akaongeza nguvu, na ile nyota ya kichwa ikalika yote, ikabaki shimo la mviringo. Bisibisi ikateleza na kupasua pembe ya kifuniko. Sajini alikuwa amesimama juu yake muda wote huo. Akalichukua begi la vifaa, akaliweka ndani, akafunga mlango.

"Hii begi inakaa hapa mpaka mashini yangu inafunguka," alimwambia.

Asubuhi iliyofuata wakafika Mengo wote wawili. Sajini mbele, laptopu kwapani imefungwa kwa taulo, Bénit nyuma mikono mitupu. Niliacha kushona. Ubao wa plaiwudi una ufa, nami si malaika.

"Mama Kavugho, habari ya mgongo," Sajini alisema. "Mimi nilikuja juu ya hii mtu yako. Aliharibu mashini yangu. Sasa nataka wewe fungua hapa hapa, yeye anaangalia, ajue kazi."

Kavugho aliifunua taulo. Aliniambia baadaye kwamba aliitambua skrubu ile kabla hata ya kuvaa miwani, na kwamba masikio yake yalipata moto. Alijua kila kitu kwa mara moja. Gundi ilikuwa yake. Nguvu aliyotumia Bénit ni nguvu ambayo fundi yeyote mzuri angetumia, na hata yeye angeitumia kama angekuwa hajui. Maneno ya kukiri yalikuwa mepesi na machache. Badala ya kuyasema, akauliza betri imevimba tangu lini.

Halafu akaigiza. Hiki ndicho kinachonichoma mpaka leo ninapokisimulia. Fundi asiyejua kuna gundi haanzi na moto, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo kwanza akachukua bisibisi ya kawaida, akajaribu, akatikisa kichwa. Akaweka kipande cha mpira, akajaribu, akatikisa kichwa tena. Akaguna na kushika kiuno. Bénit alikuwa amesimama pembeni ya meza akimwangalia mikono. Ndipo Kavugho akawasha chuma cha kulehemu, akatandaza kitambaa kibichi juu ya upande wa betri, akagusisha ncha kwenye kichwa cha skrubu. Harufu kali ya gundi ikatoka, mimi mwenyewe niliipata ng'ambo ya ubao. Akagonga bisibisi bapa polepole ndani ya lile shimo, akaibana, akazungusha. Ikatoka kama haijawahi kukataa. Akaishika kwa kibano, na kwenye meno ya skrubu palikuwa na ukoko mweupe.

Bénit akainama kuitazama. Akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima, "Maman, pengine ni gundi ya kule kiwandani wanazitengenezaka."

Kavugho akajibu, "Eeh. Ni ya kule."

"Sasa unaona," Sajini alimwambia Bénit. "Huyu mama ndiyo fundi. Hakuvunja kitu. Wewe ni ya kuharibu tu, na mimi nitaambia watu yote ya Naguru wasikupe mashini tena. Begi yako utachukua jioni, halafu usirudi."

Bénit akasema pole kwa Sajini. Akasema asante kwa Kavugho kwa kumfundisha. Alitoka akiwa ameinamisha kichwa, na Kavugho akabadilisha betri, akarudisha skrubu nyingine zote, na ile moja akaiweka mpya, bila gundi. Sajini alimsifu mpaka mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kavugho alisifiwa asiulize kwani ulitegemea nini.

Baada ya hapo akabadilika. Aliacha kuzitukana mashine. Nilikuwa nimezoea ule ugomvi wake wa asubuhi, na ukimya ukaanza kunisumbua kuliko kelele. Akawa anawapigia wateja wake wa zamani simu, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia walete mashine aziangalie tu, hivihivi. Wakileta, huwasha chuma, hutoa skrubu moja, huirudisha, basi. Nilimuuliza ni huduma gani hiyo mpya. Akasema ni vumbi. Kanisani, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, alikuwa akikaa benchi la mbele na kuimba sauti ya pili. Sasa akakaa nyuma, karibu na mlango, na wakati wa meza ya Bwana akatoka nje kana kwamba simu yake imelia. Bénit na Blandine walikuwa kanisani humohumo. Walimsalimia kila Jumapili, na kila Jumapili alikuwa na haraka.

Aliniambia alikuwa akijidanganya hivi: nikishatoa gundi yote mjini, nitakuwa nimemaliza. Alijua si kweli. Gundi ya mashine za watu wengine haikuwa imemfukuza mtu Naguru.

Siku moja Blandine akaja kibandani kwangu. Nilikuwa nashona sare ya shule ya mtoto wake, rangi ya bluu, na nilikuwa nimebakiza kola. Akaniwekea mkono juu ya kitambaa.

"Usimalize, Mama Huguette," alisema. "Ile shule hataenda. Tunarudi kambini, kule walitupatiaka shamba. Bénit hana kazi tena. Akifika mahali, wanasema ni yule wa kuharibu mashine ya polisi."

"Mnaenda lini?"

"Kesho."

Hakusema kwa sauti ya kulalamika. Aliikunja ile sare isiyo na kola, akaiweka kwenye mfuko, akaniaga. Ng'ambo ya ubao hapakuwa na sauti hata ya bisibisi.

Blandine alipoondoka, Kavugho akazunguka, akakaa kwenye kiti changu, akanieleza yote niliyoyaeleza hapa. Alilia, na mimi nikakasirika. Labda nilipaswa kumshika bega. Nilimuuliza, "Unaniambia mimi kwa nini? Mimi nina laptopu? Mimi ndiye niliyefukuzwa Naguru?"

"Nilikuwa na haya," alisema.

"Haya unayo sasa hivi na umekaa nayo. Imekusaidia nini?"

Akavua aproni. Mgongo ukiwa vile, alipanda mlima wa Naguru kwa miguu kuanzia barabara kubwa, maana alisema hataki kubebwa. Nikamfuata, kwanza kwa sababu angeweza kuanguka, pili kwa sababu sikumwamini kwamba angefika.

Tulimkuta Sajini Acayo bombani, hana zamu, kitenge kifuani, akichota maji pamoja na wake za askari. Ndoo zilikuwa kwenye foleni na mazungumzo yalikuwa moto. Kavugho hakumvuta pembeni. Nitampa sifa hiyo moja. Alisimama palepale kwenye matope, akasema kwa Kiswahili cha kueleweka na kila mtu kwamba skrubu ile haikukataa kwa ubaya wa Bénit. Yeye ndiye aliyeitia gundi, kwa makusudi, ili fundi mwingine asiweze. Bénit hakukosea kitu. Alisema pia kwamba alilijua hilo siku ile walipokuja Mengo, tangu mwanzo.

Sajini alifunga bomba.

"Siku ile nilitukana huyo kijana mbele yako," alisema. "Skrubu ilikuwa kwa mkono yako."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Basi sema tena. Hawa wa nyuma hawakusikia."

Kavugho akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mama mmoja akacheka kwa aibu, mwingine akafyonza meno. Sajini akaingia nyumbani kwake, nikadhani anafuata pingu, akarudi na kopo la odii, ile simsim iliyosagwa ya kwao, akampa Kavugho.

"Peleka kwa bibi ya huyo kijana," alisema. "Mwambie bwana arudi na begi. Mimi mwenyewe nitaenda kila mlango nilienda. Lakini wewe, mama, mashini yangu hutagusa tena."

Tukashuka tukaelekea Kawempe. Njia nzima Kavugho alilipakata lile kopo, na karibu na kwa Bénit hatua zake zikawa nyepesi. Nilimwona akipangusa macho na kunyoosha kitambaa cha kichwa. Alikuwa anapeleka habari njema. Hata mimi niliamini hivyo, na hasira yangu ilikuwa imepoa.

Vitu vya chumbani mwao vilikuwa vimeshafungwa. Godoro limekunjwa na kukazwa kwa kamba, masufuria yamo ndani ya gunia, mtoto amelala juu ya nguo. Kavugho hakungoja kukaa. Alisema yote kwa haraka, gundi, bomba, wake za askari, Sajini atakayepita mlango kwa mlango, na akamkabidhi Bénit lile kopo. Bénit alilipokea kwa mikono miwili, akampa Blandine.

"Aksanti, Maman," alisema. "Aksanti ya kusafisha jina yangu."

"Basi fungua mizigo."

Bénit alikaa juu ya godoro lililofungwa. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo.

"Maman, mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ile gundi. Sajini aliniambia ni wewe peke yako ulishafungua ile mashine. Nikaangalia pembeni ya tundu, nikaona mtu aliipangusa na kidole. Nilijua kabla ya kufika Mengo."

"Juu ya nini haukumwambia?"

"Ningesema aje? Wewe njo ulitupokea. Wangekuita mwizi tena, na ulishatuambiaka vile walikuzomea ile siku." Akamwangalia mtoto, akaendelea. "Lakini nilikupatia nafasi, Maman. Pale nilisema ni gundi ya kule wanazitengenezaka. Nilifikiri utanijibu na Kinande ya kwetu, maneno mawili tu: mwanangu, ni mimi. Sajini hasikii Kinande. Ningebeba yote ile, na ningebaki na mama."

Kavugho akasogea karibu na godoro. Kisha akasema kwamba yamekwisha sasa, kwamba ameyasema mbele ya watu, kwamba kazi ipo Naguru inamngojea.

"Minasikia," Bénit alisema. "Lakini si sababu ya Sajini inafanya niende."

Hapo Kavugho akaelewa, na mimi nikaelewa. Hakulia. Aliinama akashika ncha moja ya godoro, nadhani ili mikono yake ipate cha kufanya, maana siku walipofika Kampala ni yeye aliyewatandikia. Blandine akamuwahi. Akamtoa mkono kwenye kamba, polepole, kwa adabu zote, akampangusia kiti pekee kilichokuwa bado hakijafungwa.

"Acha tu, Maman," alimwambia. "Wewe ni mgeni. Kaa."